Ng'ombe Nyuma ya Matete

Jumatatu, 9 Desemba 2024

Sikukuu ya Uhuru. Watu wote wamepumzika, mimi nimekata maboksi.

Mama Getrude katekista ndiye aliyeniingiza. Alimwambia mama kwamba binti aliyemaliza kidato cha nne akikaa tu nyumbani kusubiri matokeo anaharibika, kwa hiyo nikamsaidie mgeni kwenye ukumbi wa parokia. Mimi hakuniuliza. Watu hawaniulizi, wananikuta nimeshakubali.

Mgeni anaitwa Madam Elineema. Ametoka Moshi. Likizo hii anafundisha watoto wadogo wa hapa Kiberege kutengeneza picha zinazosogea. Unachora samaki kwenye kipande cha boksi, unamkata, unambandika kwenye ukanda mrefu. Kwenye boksi lingine unachora mto, unaupasua kwa wembe (wembe anashika mkubwa tu), unapitisha ukanda kwenye mpasuo. Ukivuta pembeni — samaki anaogelea! Watoto walipiga kelele mpaka kuku wa parokia wakatawanyika. Hata mimi nilivuta mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu.

Lakini nimejiuliza jioni nzima. Mtu mzima, ana shahada, atoke Moshi mpaka huku kwenye mbu kwa ajili ya samaki wa boksi? Hapana. Lazima kuna kitu. Halafu simu! Mtoto akimaliza kazi, Madam anaichukua, anaigeuza, anaipiga picha. Hasemi ni za nini.

Edna alinicheka njiani. Eti fizikia yote ile tuliyokesha nayo, leo napika gundi ya uji. Gundi kweli ni uji wa ngano. Nusu yake watoto wanailamba.

Jumatano, 11 Desemba

Leo tumefanya mkono. Ni ukanda wa boksi uliofungwa mahali pamoja kwa uzi na kifungo cha shati. Ukishusha upande huu, upande wa pili unapanda. Mama anatwanga, ndege anapiga bawa, mbwa anatikisa mkia.

Kazi yangu ni mafundo. Ukikaza sana mkono haugeuki, ukilegeza sana unalala. Na watoto wanakaza! Kila mmoja anafunga kama anafunga gunia la mpunga. Nikajaribu kuweka njiti ya kiberiti chini ya uzi, kufunga, kisha kuichomoa njiti. Inabaki nafasi ndogo, mkono unageuka vizuri. Madam akaniona, akasema mbele ya wote, "Mwalimu Agnella kagundua kitu!" Nilienda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Kwa nini ananisifu? Hanijui.

Kuna mtoto anaitwa Mbuke. Anakaa karibu na mlango, viatu ameviweka mapajani kama anaogopa kuibiwa. Ni binti wa Mzee Seni, yule Msukuma mwenye ng'ombe. Wanasema amemaliza darasa la kwanza bila kusema neno. Kina Fredy wanamwigizia salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka! Umekuja na ndama?" Wanaziba pua. Nilitaka kuwakemea. Maneno yakachelewa, kama kawaida yangu. Nikaenda kukaa naye tu. Tukafunga fundo moja, halafu jingine. Wawili tusiosema.

Wakati wa kutoka Madam akatoa kazi ya kesho. Kila mtoto afikirie kitu kilichopo kwao ambacho mgeni akija hakioni. Akichore kimefichwa, na ukivuta kinatokea.

Kitu ambacho mgeni hakioni! Na mgeni ni nani hapa? Ni yeye!

Alhamisi, 12 Desemba

Fredy kachora sukari ambayo mama yake anaficha ndani ya mtungi. Mwingine kachora kuku anayeatamia kwenye kofia ya babu. Tulicheka sana.

Mbuke amefanya matete. Matete mengi, ya kijani na ya kahawia, kayachora moja moja. Pembeni kuna mivumo miwili, miti mirefu inayofanana na minazi, mmoja umeinama ukauegemea mwenzake. Chini yake kibanda kimeanguka upande. Ukivuta, ng'ombe wanatoka nyuma ya matete, na wa mbele pembe yake moja imetazama chini. Ukirudisha, hakuna ng'ombe. Matete tu. Haikwami hata kidogo.

Alinivuta gauni. Akasema, "Vuta."

Neno! Nikavuta. Akacheka bila sauti. Halafu akaongea kama bomba lililozibuka. Ng'ombe wanakaa pale kwenye dago la zamani, palipokuwa kambi ya wavuvi, kaka zake wanalala nao, mbu ni wengi, baba amesema watatoka mvua ikikolea. Madam akachuchumaa. "Na hapa ni wapi, mama?" Mbuke akaeleza yote tena. Madam akaigeuza picha, akapiga na simu.

Swali lile sikulipenda. Kiberege nzima inajua kikao kilivyopitisha: mpunga ukishapandwa, ng'ombe hakuna kushuka bondeni mpaka mavuno. Anayekamatwa mara ya pili anahama kijiji, yeye na familia yake. Mzee Seni alishakamatwa mwaka jana. Mwezi uliopita alisimama mbele ya watu akaapa kwamba safari hii ng'ombe wake wote wako kwa ndugu zake Malinyi. Mgeni anataka kujua ni wapi ili iweje?

Jioni nikasimulia nyumbani. Nyumbani maneno hayatoki. Kwa kawaida wakati wa kula naongea nikiombwa chumvi, lakini leo furaha ya Mbuke ilinizidi. Nikachukua mfuniko wa sufuria na kijiko, nikaonyesha jinsi ng'ombe wanavyotokea. Baba alicheka mpaka akaweka tonge chini. Akaniambia nirudie. Mivumo imeinamaje? Nikarudia, nikainamisha na mkono. Baba hajawahi kuniambia nirudie kitu!

Mama hakucheka. Alikuwa anatafuna.

Ijumaa, 13 Desemba

Gurudumu leo. Duara la boksi nyuma ya dirisha, ukilizungusha jua linaondoka, mwezi unakuja. Mbuke kaongea tena. Kamwambia Fredy gurudumu lake ni kiazi.

Mchana nilikuwa nyuma ya ukumbi nasuuza mabakuli ya gundi. Madam alisimama kwenye kona na simu. Nilisikia: zimefika? Zinaonekana vizuri? Ya yule wa matete ndiyo bora, itumie hiyo. Aliponiona akashusha sauti. Akatabasamu.

Tabasamu la nini?

Jumamosi, 14 Desemba

Wamewakamata!

Alfajiri mgambo walishuka bondeni. Wamewakuta ng'ombe wa Mzee Seni kwenye dago la zamani, palepale, chini ya mivumo miwili. Wamewaswaga mpaka uwanja wa ofisi ya kijiji. Nilikimbia kuona. Wa mbele pembe moja imetazama chini. Nilimtambua yule ng'ombe kabla sijamtambua mtu yeyote. Kaka zake Mbuke wamekalishwa chini kwenye matope, mmoja hana kiatu.

Mbuke alikuwa kando ya barabara na mama yake. Hakulia. Alinitazama, mimi nikatazama ng'ombe.

Watu wanasema mambo. Bonde lote lile, matete yote yale, mgambo wangefikaje moja kwa moja bila kuambiwa? Mama wa vitumbua kasema kuna mtu kachomea utambi. Kijana wa bodaboda kasema mgambo hawakuzungukazunguka hata kidogo, walikwenda kama watu waliotumwa kuchukua mzigo wao.

Mimi najua ni nani. Itumie hiyo!

Nimemwambia Edna. Edna kamwambia dada yake. Saa ya kuanua nguo nimelisikia neno langu mwenyewe linapita barabarani mdomoni mwa mtu nisiyemjua.

Jumapili, 15 Desemba

Baada ya misa hakuna aliyemsalimia Madam. Watoto waliokimbilia kumpa shikamoo walivutwa mikono. Kasimama kwenye kibaraza na mwavuli wake, anawasalimia watu mgongoni. Nilitegemea kufurahi. Sikufurahi vizuri.

Baba amechangamka. Anasema wageni wa siku hizi si wa kuaminika, wanakuja na zawadi za watoto kumbe wana yao. Nikasema ndiyo, baba. Leo tumewaza kitu kimoja, mimi na baba.

Jumatatu, 16 Desemba

Watoto walikuja wachache. Mbuke hakuja. Tulifanya kazi kimya, mikasi tu inasikika.

Walipotoka, Madam aliniuliza, "Wanasema ni mimi, eti?" Nilikuwa napanga njiti za kiberiti ambazo zilikuwa zimepangika. Akaifungua simu yake akanipa mkononi. "Tazama mwenyewe, mdogo wangu."

Nikatazama. Zote ni migongo. Picha zote, kuanzia ya kwanza! Ukanda, uzi, vifungo, gundi iliyomwagika, alama za vidole vya uji. Hakuna samaki hata mmoja. Hakuna matete, hakuna ng'ombe. Kuna rafiki yake anayefundisha walimu wa chekechea kulekule Moshi, ndiye anayezipokea. Madam anasema mbele mtoto anapamba, nyuma ndiko unakoona alivyofikiri. Ya Mbuke ndiyo bora kwa sababu kaweka vizuizi viwili ili ukanda usichomoke. Ni kweli. Kimoja nilimfundisha mimi, cha pili kakibuni.

Nikasema moyoni, haya, simu ni safi. Je, masikio? Aliuliza ni wapi, akaambiwa. Sikumwachia.

Halafu nikaziona kadi alizoandika za maonyesho, kila picha na yake. Ya Mbuke imeandikwa: Ng'ombe kwenye minazi. Nikamwambia Madam, hii si minazi. Akaishika picha mbali na macho, akashangaa kweli. Kwani ni nini? Nikamwambia ni mivumo.

"Mivumo ndiyo nini?"

Nilirudi nyumbani polepole. Huko bondeni mivumo haihesabiki, na madago yaliyoachwa yako kila kona. Ukimwambia mtu mivumo miwili na kibanda kilichoanguka, hajui hata aanze upande gani. Labda awe amewahi kuvua pale. Awe amelala pale, anaujua ule uliouegemea mwenzake, anajua na njia ya kufika gizani bila kuzama. Mgambo wetu ni vijana wa juzi, hawajavua maisha yao. Wangehitaji mtu wa kuwatangulia. Mtu aliyekuwa mvuvi kabla ya kuanza mpunga, misimu yote ile kabla sijazaliwa —

Sitaki kuandika.

Jumanne, 17 Desemba

Nimemchunga baba siku nzima. Anakunywa chai. Ananoa jembe. Anapiga mluzi! Buti zake za mvua zimeoshwa zimeegemezwa ukutani, soli juani. Baba haoshi buti, anaoshewa. Na hakuna aliyeniambia nizioshe. Jumamosi alfajiri alikuwa wapi? Sijui. Nilikuwa nimelala.

Kila akinitazama naangalia pembeni. Labda na yeye ananichunga.

Nilimuuliza mama tukipeta mchele. Nilizunguka sana, nikaanzia kwenye hali ya hewa, mpaka mama akachoka. "Agne, aliyesema ni wewe. Sisi tulisikia." Akaendelea kupeta.

Ungo wangu nikauweka chini.

Baadaye akasema, bila kunitazama, mwaka jana wale ng'ombe walilala usiku mmoja kwenye shamba letu, asubuhi hatukuwa na shamba. Mpaka Juni tulikula nini, nakumbuka? Nakumbuka. Mihogo ya kuomba kwa shangazi Mkula. Nakumbuka baba amekaa kwenye tuta, juani, bila kofia, kashika mashuke yaliyokanyagwa. Mzee Seni alikuja kusema pole, baba hakuinua kichwa.

Sijasema baba ni mbaya. Hata humu sijasema.

Lakini kama ni haki, mbona hasemi ni yeye? Mbona anaacha Madam asalimie migongo?

Jumatano, 18 Desemba

Mama yake Mbuke amekuja kwetu! Nilidhani amemfuata mama. Kumbe mimi.

Hakutaka kiti. Alisema Mbuke amefunga mdomo tena, hata kula ni kwa kubembelezwa. Ndugu zao wanasema mtoto kawauza. Mzee Seni hajampiga, ila hamtazami. Anapita pembeni yake kama anapita pembeni ya kisiki. Wakihamishwa, hawana pa kwenda wakati huu wa mvua, na shule ndiyo basi. "Wewe dada ulikuwepo. Nisaidie. Nani mwingine alisikia?"

Baba alikuwa ndani na redio. Redio ikashuka sauti.

Nikasema, "Madam aliuliza ni wapi."

Basi. Ni kweli tupu! Hakuna neno la uongo hapo. Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru, akasema Mungu anibariki, matokeo yangu yawe mazuri. Mikono yake ilikuwa ya moto. Nilitamani aiachie.

Alipopita ua, redio ikapanda tena.

Alhamisi, 19 Desemba

Kesho kikao, ukumbi wa parokia. Mambo mawili: Mzee Seni kuhama, na mgeni kuondoka. Kwenye la kwanza watu wamegawanyika. Kwenye la pili wamekubaliana wote, Wandamba, Wapogoro na Wasukuma. Sijawahi kuona wakikubaliana kitu. Mwenyekiti ametuma ujumbe kwamba binti wa Dionisi atasimama kueleza alichouliza mgeni.

Kusimama! Mimi, ambaye darasani nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda chooni ili nisisome kwa sauti.

Baba kanielekeza. Kaniita mama, kama anavyoniita nikiwa naumwa. Nisiogope. Niseme ukweli tu, aliuliza ni wapi, akaambiwa. Halafu nikae. Nikamuuliza, na sauti ilitoka nyembamba sana, je, wakitaka kujua nani mwingine alijua? Nilidhani ataniambia. Midomo yake ilisogea kabisa.

"Hawatauliza," akasema. "Wewe nani atakuuliza?"

Halafu akatoka kwenda kuangalia mpunga. Mpunga umeota vizuri mwaka huu. Unaonekana kutoka dirishani, kijani mpaka mwisho.

Ijumaa, 20 Desemba

Naandika nikiwa ndani ya ukumbi, daftari kwenye goti. Wanadhani naandika kumbukumbu za kikao. Mvua imeshuka ghafla, bati linanguruma, hakuna anayesikika. Mwenyekiti amepunga mkono tusubiri.

Yaliyopita: Mzee Seni alisimama, kofia mkononi. Alikiri. Alisema alidanganya, Malinyi hawakufika, majani ya njiani yalikwisha, ng'ombe wakaanza kulala chini. "Nihukumuni mimi. Lakini niambieni nani alimtumia mtoto wangu." Shingo zote zikageukia kwa Madam. Madam alisema hata njia ya bondeni haijui. Walicheka. Kicheko kibaya, cha puani. Nyuma mtu akasema anajifanya mgeni sasa hivi, maswali aliyajua! Mwingine akataka simu ikaguliwe. Mama Getrude, ambaye ndiye aliyemwita hapa, anaangalia rozari yake.

Mwenyekiti akasema, "Tumsikie binti wa Dionisi." Ndipo mvua.

Watu wamechoka kukaa, wanazurura ukutani kwenye picha za watoto. Wanavuta. Samaki anakwenda, anarudi. Mgambo wawili wamekwama kwa kuku wa kofia, wanacheka kama si wao. Mzee Seni amekwenda kusimama mbele ya picha ya Mbuke. Ameivuta. Akairudisha. Amevuta tena. Kisha akainama, akachungulia nyuma yake, akakaa hivyo muda mrefu.

Baba amenipisha kiti chake. Amesimama nyuma yangu. Simwoni, ila mkono wake uko kwenye mgongo wa kiti, na vidole vinagonga mbao. Madam yuko upande wa pili, begi miguuni, limeshafungwa. Tulipotazamana hakufanya uso wowote.

Mama yake Mbuke alimwachia mkono, sijui kwa kujua au kwa kusahau. Mtoto akapita katikati ya miguu ya watu wote hawa, wa kwao na wa kwetu, akapanda mapajani kwangu bila kuniuliza. Alikuwa amelowa. Sasa amelala. Katika kelele zote hizi! Kichwa kiko begani, pumzi inaniingia shingoni. Naandika kwa mkono ulio huru, mistari inapanda.

Mvua inapungua. Nasikia watu wakikohoa. Nasikia vidole vya baba.

Mwenyekiti anaita jina langu, safari hii kwa sauti, na wote wamegeuka. Nisimame. Sijui nisimameje bila kumwamsha